Gari Lililokunywa Mawese

Tangu nirudi Ujiji, watu kumi na saba wameniuliza yaliyonipata huko Urundi. Nilipohesabu tena nikapata kumi na sita, maana Mzee Athumani kauliza mara mbili. Mara ya kwanza hakusikiliza jibu. Kila mmoja nimempa kipande chake, na sasa vipande vimekutana barazani vimeanza kugombana. Wengine wanasema nililipuka pamoja na gari. Wengine wanasema nimeajiriwa na Wadachi kupika sabuni. Basi nimekaa nikaandika yote kwa mkupuo mmoja. Atakayekuwa na swali baada ya hapa, aje na kahawa yake.

Habari za barua za ruhusa naziacha. Mihuri ilikuwa minne na haikutusaidia kitu.

Kigoma mpaka Kigwena: gari juu ya maji

Lori lenyewe lilikuja na reli likiwa ndani ya masanduku, likaungwa pale Kigoma na Fundi Songoro. Songoro ni Mmanyema wa Tabora, mwembamba, mkimya, amejifunzia injini katika karakana ya reli. Mkono wake wa kushoto una vidole vinne, na ukimwuliza cha tano kiko wapi, atakuambia kiko kazini.

Lori lilikuwa linatakiwa bomani Usumbura. Bwana mkubwa wa huko alikuwa amekwisha limisha barabara ya kando ya ziwa kwa majembe ya watu wote, na sasa barabara ilikuwa inaona haya kwa kukosa gari. Wa kulifikisha alikuwa Mdachi mmoja tuliyemwita Bwana Saa Sita, kwa sababu kila amri yake iliishia hapo. "Jumamosi, bomani, saa sita." Gari lisipofika, fundi hamsa-ishirini. Hamsa-ishirini, kwa msomaji aliyebahatika asiijue, ni viboko ishirini na vitano mgongoni, navyo huhesabiwa kwa sauti ili mtu asipunjwe.

Mimi je? Nilikuwa na mizigo minne ya chumvi ya Uvinza ya kupeleka Usumbura, na sikutaka kulipa wapagazi. Nikamwendea Bwana Saa Sita, nikajitoa kuwa msimamizi wa maji ya gari. Nilianza kwa kudai mshahara, nikamalizia kwa kukubali kupanda bure na chumvi yangu nyuma ya kiti. Aliondoka akiamini amenishinda, nami sikumsumbua.

Lori likapandishwa kwenye tishari, tishari likavutwa na meli ndogo ya moshi. Songoro alilala juu ya kamba mbichi akaamka na mafua ya kumfunga pua zote mbili. Hata hivyo alinifundisha kazi yangu.

"Injini inakufa kwa nini?" aliniuliza.

"Kwa kukosa mafuta."

"Inakufa kwa homa." Akapiga chafya. "Humo ndani mna moto. Maji yanazunguka kuuchukua, yanakuja kupoa hapa." Akagonga rejeta, kile kifua cha chuma kilichoko mbele ya gari, chenye vijibomba vingi vyembamba vya kupitia maji. "Kila asubuhi, kabla sijawasha, unafungua kifuniko unatia kidole. Maji yafike pingili ya pili. Unabonyeza mipira ya maji, ule wa juu na ule wa chini. Ukiwa laini kama sikio, sawa. Ukiwa na nyufa kama kisigino, niite. Unavuta mkanda wa feni, ucheze kidogo tu. Mbegu za majani zikiziba uso wa rejeta unazitoa moja moja. Likichemka, usiguse kifuniko mpaka lipoe. Na feni ikizunguka, mkono wako uwe mbali." Akaniinulia vile vidole vinne. Ndipo nilipojua kile cha tano kilikuwa kazini wapi.

Mipira ile ilishikwa na vibano vinne. Nikavihesabu. Nikavihesabu tena.

"Ulitegemea vizaliane?" Songoro akauliza.

Siku ya pili ziwa likachafuka. Nahodha akaliangalia lori, akaangalia mawimbi, akakumbuka kwamba ana watoto. Akatushusha Kigwena, mbali kabisa na Usumbura, akageuza. Ilikuwa Jumatatu.

Kigwena mpaka Rumonge: madebe kumi na moja

Bwana Saa Sita hakupanda lori. Alisafiri kwa machela, amelala, amebebwa na watu wanne, na kila siku alifika mbele yetu. Sisi wenye nguvu za farasi wengi tulikuwa tunafuata vumbi la miguu minane.

Barabara ya Kigwena inapita msituni halafu kwenye michikichi, na kila baada ya hatua mia kuna kijito ambacho walioilima waliona si kazi yao. Pale lori lilivutwa kwa kamba na watu arobaini. Nyani walikaa juu ya miti wakitutazama kama watu waliokwisha lipa kiingilio.

Taabu kubwa ilikuwa rejeta. Chini, kwenye ungio, ilikuwa inavuja. Machozi yenyewe yalikuwa mekundu kwa kutu, kwa sababu masanduku yake yalinyeshewa mvua msimu mzima kabla ya mtu kukumbuka kuyafungua. Kila tuliposimama niliongeza maji, na ijapokuwa ziwa lilikuwa linametameta kushoto kwetu njia nzima, barabara ilipanda vilimani palepale debe lilipokwisha. Siku ya kwanza gari lilikunywa madebe kumi na moja. Nilihesabu mara mbili nikitumaini nimekosea.

Mzee mmoja wa kijijini alikuja kutuamkia. "Amahoro," akasema. "Hii munyama inakula nini?"

"Haili, mzee. Inakunywa maji tu."

Akalizunguka polepole, akasimama kwenye lile tone jekundu. "Inakunywa maji, inakojoa damu. Mutafika kweli?"

Baada ya hapo sifa zetu zikatutangulia. Kila kijiji kilitoka kumwona huyo munyama mgonjwa na kumletea maji kwenye vibuyu, na kimoja kikaleta na majani mabichi. Sisi wazima tulipewa ndagala wa kukaanga na ugali wa muhogo, nami nasema wazi kwamba ndagala wale ni watamu kuliko dagaa wetu, ila msimwambie mke wangu.

Rumonge: chungu kipya

Rumonge tuliingia Jumatano mchana. Songoro alijitupa kwenye mkeka wa mwenyeji wetu akajifunika gubigubi. Mimi nikabaki na gari uani, na ndipo alipokuja Bi Nyota.

Bi Nyota ni mjane, Mmanyema kwa baba na mama, mkamuaji wa mawese na mpika sabuni, mikono yake myekundu mpaka viwikoni. Alikuja kuona gari kama wengine, lakini yeye hakuangalia magurudumu. Aliinama moja kwa moja kwenye tone.

"Hii chungu yenu iko mupya?"

"Si chungu, Bi Nyota. Ni rejeta."

"Munatia maji ndani?"

"Tunatia."

"Na moto?"

"Moto upo."

"Maji inachemuka?"

"Yanachemka. Ndiyo shida yetu."

"Basi iko chungu." Akasimama, mikono kiunoni. "Na mumeanza kupikia ndani bila kuipakaza mawese! Ona sasa inalia kutu. Mama zenu hawakuwafunza?"

Hapo alinigusa. Wote mnajua: chungu kipya, kiwe cha udongo au sufuria ya chuma, hakionjeshwi maji kabla hakijaonjeshwa mawese. Kinapakwa, kinapashwa moto, kinakunywa, matundu yanaziba. Huko Rumonge bibi harusi anapakaza chungu chake mbele ya mawifi, na kikivuja baadaye wanamrudishia maneno mpaka azeeke. Mama yangu alifanya hivyo, na wenu alifanya. Ningembishia kwa hoja gani? Chungu chetu kilikuwa kipya, hakikupakwa, na kilikuwa kinalia.

Nikapiga hesabu. Madebe kumi na moja kwa siku, mpaka Usumbura, na Jumamosi inakaribia. Nikauliza bei.

"Kibuyu moja, kibaba moja ya chumvi."

"Viwili kwa kibaba."

"Wewe, mutu wa Ujiji! Nilijua mbele hujafungua kinywa." Akakubali, maana chumvi ilikuwa adimu.

"Na nyongeza?"

"Nyongeza ya nini? Nimekupa mbili kwa bei ya moja!"

"Mimi mgeni, Bi Nyota."

"Ugeni yako iko kubwa kuliko tumbo ya hii gari." Lakini akatoa kibuyu cha tatu. Tangu nipate akili sijaondoka mahali popote bila nyongeza, na siku hiyo nilijiona fundi kuliko fundi.

Nikafungua koki ya chini nikapunguza maji, nikamimina vibuyu vitatu mpaka tone la mwisho. Nikamwomba askari aliyepewa kulilinda gari njiani azungushe mkono wa kuwashia, injini ikanguruma kidogo, mawese yakapata moto. Na machozi yakakoma! Wallahi, tone lilikatika mbele ya macho yangu. Sikumwamsha Songoro. Nilitaka iwe zawadi.

Kutoka Rumonge: kidole kilichorudi chekundu

Alfajiri ya Alhamisi kulikuwa na baridi ya ziwani. Nikafungua kifuniko, nikatia kidole. Kidole kilikutana na kitu kigumu kama samli, kikarudi chekundu. Nikakifuta kwenye suruali.

"Maji?" Songoro aliuliza kwa sauti ya puani.

"Tele."

Neno lile moja nimelifikiria sana tangu siku hiyo.

Njiani tulimpita Bi Nyota, kapu kichwani, anakwenda soko la Minago kwa miguu. Nikamwita apande, kwa kibaba kimoja tu, kile kile nilichompa.

"Endeni," akasema. "Nitawakuta mbele."

Tulicheka. Hatukucheka sana. Jua halijapanda vizuri, gari lilianza kunuka moto, kisha likapiga mbinja, kisha kifuniko kikaruka chenyewe na mvuke ukapanda juu kuliko michikichi. Wapagazi wa serikali waliotubebea maji wakaacha madebe, wakakimbia mpaka majini.

Songoro alizima, akangoja lipoe. Kisha akachungulia. Ndani mlikuwa na uji mzito wa rangi ya udongo, macho ya mafuta yanaogelea juu. Akachota kwa kidole, akausugua. Akajaribu kunusa, pua haikuleta habari yoyote. Uso wake ukabadilika.

"Mafuta yameingia kwenye maji," akasema. "Injini imepasuka ndani."

"Huenda..."

"Sikiliza. Injini ina njia ya mafuta na njia ya maji. Hazikutani. Ukiona zimekutana, chuma kimepasuka katikati. Nikiifungua ni siku mbili, na sina cha kuzibia." Akakaa kwenye kikanyagio cha lori. Akachukua spana zake, akazifuta moja moja, akazipanga sandukuni kama mtu anayepanga vyombo vya marehemu. Halafu akainua macho kwenye milima ya ng'ambo, upande wa Kongo, kwa Wabelgiji.

"Mtumbwi wa kuvuka unalipiwa nini huku?"

"Songoro!"

"Nimeona mtu akipigwa hamsa-ishirini. Alikuwa mnene kuliko mimi. Hakusimama tena." Akafunga sanduku la spana. "Mke wangu yuko Tabora. Mwambie tu nimevuka."

Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Injini imepasuka, fundi kavuka, nani angeuliza habari za vibuyu? Chumvi yangu ningeifikisha kwa mtumbwi. Nilipiga hesabu mara mbili na mara zote mbili faida ilikuwa kwangu, na hilo ndilo lililonikera. Haijawahi kutokea nikapata faida safi namna ile nikatamani kuitapika.

"Fundi," nikasema. "Hayo si mafuta ya injini. Ni mawese."

Hakuelewa. Nikamweleza: chungu kipya, kutu, Bi Nyota, zawadi.

Akaniangalia muda mrefu. "Vibuyu vingapi?"

"Viwili."

"Hesabu tena."

"Vitatu. Cha tatu kilikuwa cha nyongeza."

Nilikaza tumbo kungoja ngumi. Songoro akapiga chafya, halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika gurudumu, na wapagazi waliokuwa wamerudi wakasogea nyuma tena.

"Nimeuaga mgongo wangu," akasema huku anafuta machozi, "kwa ajili ya mboga!"

Akaeleza kilichotokea: mawese yameganda kwa baridi, yameziba vijibomba, maji yamekosa njia, moto umebaki ndani. Injini nzima. Lakini rejeta utaisafisha na nini? Maji hayaondoi mafuta, na mishipa ile haiingii hata unyoya.

Hapo ndipo Bi Nyota alipotufikia, polepole, kapu kichwani, hajatoka hata jasho.

"Nilisema nitawakuta mbele."

Kando ya ziwa: sabuni

Alichungulia ndani ya rejeta kama anavyochungulia chungu chake. "Mumetia maji mingi na moto mingi. Sasa iko nusu ya sabuni."

"Nusu?" Songoro akauliza.

"Fundi, baba, sabuni inatoka wapi? Mawese na majivu. Mawese munayo. Majivu hamuna." Akatua kapu. Juu palikuwa na madonge ya sabuni. Chini palikuwa na majivu ya mikungu ya michikichi, aliyokuwa anawapelekea wapika sabuni wa Minago. "Vibaba ine ya chumvi."

Nikafungua kinywa.

"Ukiomba kupunguziwa," Songoro akasema taratibu, "nitakufunga kwenye feni."

Nikapima vibaba vinne. Ni mara ya kwanza katika maisha yangu kulipa bei ya kwanza. Bi Nyota akaniangalia kwa huruma, akanitupia donge moja la sabuni. "Nyongeza," akasema. "Usilie."

Tuliwasha moto ufukweni, tukachemsha maji kwenye madebe, tukakoroga majivu, tukayachuja kwa kilemba changu kwa sababu kila mtu alikubaliana kuwa ndicho kinachofaa. Songoro akaimwaga ile supu ya moto kwenye rejeta, akawasha injini, akaizima, akafungua koki. Kwanza ukatoka uji. Tukajaza tena: ukatoka ute wa manjano. Tukajaza tena: likatoka povu, jeupe, linalonukia nguo ya sikukuu.

Wanawake waliokuwa wanafua karibu walisimama kutazama. Mmoja akaleta beseni akalikinga chini ya koki. Kufumba na kufumbua wakawa tisa, kila mmoja na nguo zake, wamepanga foleni mbele ya lori la serikali. "Murakoze cane, munyama," wakalishukuru. Tulisuuza mara tano. Nasema tano, Songoro anasema nne. Ilihitaji kumi, lakini jua lilikuwa linashuka na Minago bado mbali.

Minago mpaka Usumbura: ndevu nyeupe

Ijumaa asubuhi pale Minago nilikagua kwa macho, kidole na pua. Maji pingili ya pili. Mipira laini. Mkanda unacheza kidogo. Vibano vinne, na safari hii Songoro mwenyewe akaniambia nihesabu tena. Chini ya rejeta tone jekundu lilikuwa limerudi. Hatujawahi kufurahi hivyo kuona kitu kinavuja.

Sabuni iliyobaki ndani ndiyo iliyotuumbua. Kila tulipopanda kilima lori lilitoa povu kwenye kifuniko, likashuka usoni mwake, likatengeneza ndevu. Mbuzi walikimbia. Mwanamke mmoja aliyekuwa anamenya muhogo alisema kwa sauti kwamba sasa huyu munyama ana kifafa. Niliongeza maji, nikapangusa ndevu, nikaongeza maji. Kufika magharibi nilikuwa nimemaliza madebe kumi na matatu na kilemba.

Jumamosi tuliingia bomani jua likiwa bado halijasimama utosini. Bwana Saa Sita alikuwapo tangu jana, saa mkononi. Bwana mkubwa wa boma alikuwa kasimama kivulini, amevaa glavu nyeupe, na nyuma yao askari mwenye kiboko amekishika kama mtu anayesubiri kuitwa chakula.

Lori likasimama mbele yao, likakoroma, likatema donge la povu kwenye kiatu cha Bwana Saa Sita.

Hakuna aliyecheka. Bwana mkubwa akasema neno, mkalimani akalileta: "Hii ni nini?"

Askari akasogea hatua moja. Nilikuwa nimejiandaa kusema. Naapa nilikuwa nimejiandaa, mdomo ulikuwa wazi, lakini Songoro alinitangulia.

"Matengenezo, Bwana. Rejeta ilikuja na kutu. Mawese yanalainisha, maji ya majivu yanatoa. Nimesafisha njiani ili nisipoteze siku."

Bwana mkubwa akaamuru koki ifunguliwe. Maji yakatoka: povu kidogo, halafu meupe, halafu safi kabisa ya kunywa mtu. Gari likapoa. Akatia kidole cha glavu kwenye shingo ya rejeta, akakizungusha, akakitoa. Kilikuwa cheupe kama kilivyoingia. Akamwonyesha Bwana Saa Sita kidole kile kwa muda mrefu, kama mtu anayemwonyesha mwenzake kitu alichopaswa kukijua.

"Kiasi gani?" mkalimani akauliza.

Songoro akanigeukia, uso mkavu. "Vibuyu vitatu. Na kapu moja la majivu."

Bwana mkubwa akaandika. Msione naongeza chumvi, ambayo kwa kweli ilikuwa imebaki mizigo mitatu na nusu. Amri ilibandikwa mlangoni mwa ghala: kila mwanzo wa mwezi, lori la boma litiwe mawese vibuyu vitatu, kisha yatolewe kwa maji ya majivu. Basi hadi leo serikali inalichafua lori lake kila mwezi ili ipate kulisafisha. Mawese na majivu yanatoka Rumonge kwa Bi Nyota, na nasikia hawapi nyongeza.

Ujiji

Nilirudi kwa mtumbwi, kwa sababu mtumbwi hauna rejeta.

Wiki iliyopita Songoro alipita hapa Ujiji, amepewa ruhusa, anakwenda Tabora kwa mkewe. Mafua yamekwisha, maana alipoingia tu mlangoni alisema nyumba yangu inanuka mawese. Tukaenda ziwani kuoga. Akavua kanzu, akanigeuzia mgongo, akasimama hivyo ndani ya maji ya magotini.

"Hesabu," akasema.

Nikatazama kutoka mabegani mpaka kiunoni.

"Hakuna hata mstari mmoja wa kiboko."

"Hesabu tena."

Nikahesabu tena, taratibu, kwa kidole.